Shajara ya mradi: Benzi 1113 la Tororo

Januari: hali ya lori

Lori tunalolifufua ni Mercedes-Benz L 1113, lile la pua fupi. Injini ni OM 352: silinda sita katika mstari mmoja, lita 5.675, nguvu za farasi 130 enzi za ujana wake, na dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Halina kompyuta. Waya wenye maana ni ule wa stata, nyingine zote ni za taa. Lilianza kwa kubeba pamba, likaja kubeba mchanga, mwisho likaegeshwa nyuma ya ghala mpaka kuku wakaona kiti cha dereva ni mahali pazuri pa kutagia.

Tumelivuta hadi uwanjani kwetu, Tororo, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara ya kwenda Malaba, mpakani na Kenya. Swali la kwanza lilikuwa kama mashine imekamata. Tukatoa nozeli zote, zile ncha zinazonyunyiza dizeli, tukatia oili kidogo katika kila silinda, tukaacha ilowe, kisha tukaingiza soketi kubwa mbele ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na kuongeza bomba kwenye mpini. Ikagoma. Tukaongeza oili, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi ikasogea kidogo, ikakwama, ikasogea tena, halafu silinda ya tatu ikatema maji ya kutu hadi kwenye shati la mwalimu, na krenki ikazunguka mzunguko mzima. Hiyo ndiyo habari njema ya mwezi. Habari mbaya ni sakafu ya kebini: ukikaa kwenye usukani unaiona ardhi.

Kwa asiyetufahamu, sisi si kampuni wala chama chenye katiba. Ni watu wa Tororo na Malaba tunaopenda mashine za dizeli: madereva wa masafa marefu waliostaafu, fundi wa pampu, mwalimu wa hesabu, welda, na mimi mwenye daftari. Tunakutana Jumamosi mchana. Hakuna anayelipwa. Mkubwa wetu ni Hajji, aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Kampala tangu enzi za kulala chini ya lori kwenye foleni ya Malaba, na Kiswahili chake kina bandari nzima ndani yake.

Sababu ya kuandika ni hii: lori likifunguliwa hadharani watu huja. Huja wa bodaboda kuuliza kama tunauza spea, huja mwanafunzi wa ufundi, huja aliyerithi gari asilolielewa. Kazi inasimama, mtu anaelezwa, anapewa spana, anaharibu kidogo, anatengeneza. Kwa hesabu ya fundi wa kulipwa huo ni upotevu wa muda. Nami nauandika kama sehemu ya kazi, kwa kuwa mengi yaliyofanyika kwenye 1113 hadi sasa yamefanywa na mikono ya wageni.

Februari: pampu inashuka, Tata linafika

Pampu ya dizeli ni ya Bosch, ya mstari, yenye vipistoni sita ndani, kimoja kwa kila silinda. Haitolewi hivi hivi. Tulizungusha mashine hadi pistoni ya silinda ya kwanza ikawa juu kwenye mgandamizo, yaani imebana hewa, kisha tukapiga alama kwa patasi kati ya uso wa pampu na kifuniko cha gia. Rangi haifai, mafuta ya taa yanaiosha. Pampu imepelekwa Mbale, kwa mwenye meza ya kupimia.

Nozeli tumezipima wenyewe kwa pampu ya mkono yenye geji. Mashine za zamani za aina hii hufungua nozeli karibu na bar 200. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba na kukoroma kidogo unapobonyeza mpini. Mbovu hudondosha matone kwenye ncha. Mbili zetu zinadondosha.

Kabla mgeni yeyote hajausogelea mtambo huo, fundi wetu wa pampu humwonyesha mkono wake wa kulia. Ncha ya kidole cha shahada haipo. Hasemi mengi. Anaeleza tu kwamba dizeli yenye presha ile hupenya ngozi kama haipo, kidonda unachokiona ni kitundu kisichotoa hata damu ya maana, unacheka, unaendelea na kazi, na usiku mkono unavimba hadi kiwikoni. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni dizeli ya presha, usingoje maumivu. Nimeshuhudia vijana wenye makeke wakiuangalia ule mkono na kurudi nyuma hatua moja. Hotuba ya usalama ya saa nzima haiwezi kufanya hivyo.

Tuko hapo, akaja kijana mmoja na Tata 1613 likivutwa kwa mnyororo kutoka upande wa Busia. Lori la marehemu baba yake.

“Hamjambo wazee. Pampu yangu imekufa.”

“Hatujambo, mwanangu,” akajibu Hajji. “Nani amethibitisha kifo?”

Kijana akasema fundi wa kwanza alisema pampu, na wa pili akasema pampu. Wa pili alikuwa tayari kuishusha kwa malipo ya mapema.

“Ukipiga stata, sailensa inatoa moshi?”

“Fundi alisema...”

“Fundi nitamuuliza siku nikikutana naye. Wewe nakuuliza moshi.”

Hakujua. Akapanda, akapiga stata, sisi tumesimama nyuma tukiangalia bomba. Hakuna kitu, hata uzi. Hapo Hajji akaridhika, maana dizeli isiyoungua vizuri hutoka nyeupe. Bomba likiwa kavu kabisa wakati mashine inazungushwa, dizeli haifiki kwenye silinda. Kabla ya kuilaumu pampu unauliza kama pampu yenyewe inaletewa chakula.

Kanuni ya moshi huwa tunaisema kwa kila mgeni, naiandika hapa ili nisiirudie. Mweusi: dizeli nyingi kuliko hewa, kwa hiyo anza na chujio la hewa kabla ya kugusa kitu kingine. Mweupe: dizeli haijaungua, ama mashine ni baridi, ama majira ya pampu (wakati inaposukuma dizeli) yamechelewa, ama mgandamizo umechoka, na ukiwa na harufu tamu ya kulanti, maji ya kupozea injini, angalia gasketi ya hedi. Wa bluu ni oili. Hayo hayatoshi kutengeneza gari, lakini yanatosha kumfanya mtu asiibiwe.

Mwalimu akatoa kipande cha mpira ule unaoonyesha ndani, wanaoutumia waashi kupimia levo ya maji. Tukaufunga kati ya paipu inayotoka tangini na pampu ndogo ya kuvuta dizeli. Kijana akaambiwa apige pampu ya mkono mwenyewe. Dizeli ikapanda kwenye mpira, nzuri, ya manjano, na ndani yake vikapita viputo vya hewa vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Alinyamaza, akapiga tena, vikapita tena. Akacheka kwa sauti peke yake.

Kutoka hapo alifuata paipu kwa kidole hadi tangini. Hosi ya mpira ilikuwa imepasuka chini ya klipu, mahali ambapo dizeli haivuji nje lakini hewa inavutwa ndani. Ndiyo maana usiku kucha mafuta yalikuwa yanarudi tangini na asubuhi lori halina kitu. Hosi mpya na klipu mbili hazikufika hata nauli yake ya kurudi Busia.

Kilichomshangaza zaidi ni kusikia kwamba Tata lake na Benzi letu ni ndugu. Injini ya Tata 697 jina lake ni hesabu: silinda 6, kipenyo cha milimita 97. Pistoni inapanda na kushuka milimita 128, na jumla inakuja lita 5.675, vipimo vile vile vya OM 352. Haikutokea kwa bahati. Tata walianza kuunda malori kwa mkataba na Daimler-Benz mwaka 1954, mkataba ukaisha 1969, na kile walichojifunza kilibaki kiwandani. Alitembea kuizunguka 1113 yetu akigusa vitu: hiki ninacho, hiki ninacho. Ila nasisitiza kwa wote mliokwisha kuniuliza: undugu si ruhusa ya kununua gasketi ya hili kwa ajili ya lile. Mabadiliko madogo ni mengi. Beba kifaa chako cha zamani, kipimwe kando ya kipya.

Machi: mvua, na mikono nyuma

Mvua imefika. Sakafu ya kebini imekatwa yote, bati jipya limepimwa. Hakuna jingine la kusimulia upande wa bodi.

La kusimulia ni hili. Amejiunga dada mmoja, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, anasomea uchomeleaji. Alikuja kuangalia kazi ya bati akabaki kwenye injini. Anauliza vizuri, hana haraka, na hashiki nyundo kabla ya kufikiri, sifa ambayo madereva wetu wawili wazee hawana mpaka leo.

Shida haikuwa kwake, ilikuwa kwetu. Kila alipoanza kulegeza nati, mkono wa mtu ulitokea ubavuni na kuichukua spana. “Lete nikuonyeshe, mwanangu.” “Subiri dada, hiyo ni ngumu.” Wanaofanya hivyo ni watu wema kabisa, wangempa shati lao. Lakini hadi jioni alikuwa ameona migongo mingi na hajafungua kitu. Na si yeye tu: kijana wa Tata naye ilimpata, ila kwa kuwa ni mwanaume alisukuma kidogo akarudishiwa spana yake.

Hajji aliangalia weee, mwisho akagonga chesisi kwa nyundo. “Kuanzia leo, mgeni akishika spana, wazee mikono nyuma.” Akaweka yake mgongoni kuonyesha, kama mwanajeshi aliyeambiwa apumzike. Ruhusa ya mdomo ipo: unaweza kusema, unaweza kuuliza, unaweza hata kupiga kelele kama mtu anataka kujikata. Kugusa hapana, hadi mwenyewe aseme “nisaidie”.

Inaonekana kitu chepesi. Jaribu usimame nusu saa ukimwangalia mtu anaweka spana upande usiofaa wa nati, wewe ukijua, na mikono yako umeifunga mgongoni. Mzee wetu mmoja alitokwa jasho. Alikuwa akiinama, akiinuka, akinong’ona “kushoto, kushoto”, hadi dada akamgeukia na kumwambia kwa heshima zote, “Mzee, nenda ukakae, nitakuita.” Akaenda. Baada ya muda akaitwa kweli, kwa sababu nati ya mwisho ya kifuniko cha maji ilikuwa imekufa kabisa na ilihitaji gesi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uwanjani kwetu jembe linatolewa siku ya kwanza. Anayehitaji mafunzo ya siku mbili ni mwenyeji.

Niongeze jambo ambalo halinipendezi kwenye jamii hii yetu ya wapenda dizeli, maana si kila msaada ni msaada. Kuna ushauri unaotolewa kwa moyo safi unaoua mashine. Ule wa “toa themostati, gari halitachemsha tena” ndio mbaya kuliko wote; themostati ni valvu inayozuia maji ya kupozea yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mgeni anaambiwa na watu watano katika maegesho matano, anaamini. Mashine ya dizeli inataka joto lake. Ikiendeshwa baridi siku zote, dizeli isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili, ringi zinalika, matumizi yanapanda, na tatizo la asili, rejeta iliyoziba au feni belti iliyolegea, bado lipo pale pale. Dada aliuliza kwa nini basi kila mtu anasema hivyo. Mwalimu akajibu kwamba geji inashuka palepale, na binadamu anapenda geji iliyoshuka.

Ubishi wa oili ipi ni bora, 15W-40 au SAE 40, ulichukua Jumamosi moja nzima. Siuandiki.

Aprili: tone la mwisho

Pampu imerudi kutoka Mbale. Sili mpya, vipistoni vimepimwa, kila kimoja kinatoa kiasi sawa na mwenzake.

Kabla ya hapo tulikwenda Kampala, soko la Kisekka, kutafuta washa (pete za kuziba maungio) na paipu mbili za presha. Kijana wa Tata tulikwenda naye. Kisekka ina kila kitu na ina kila aina ya muuzaji, na mgeni anajulikana kwa macho kabla hajafungua mdomo: anaangalia juu, anasoma mabango. Tulimpa masharti machache. Usitaje gari kwanza, taja kifaa. Toa cha zamani mfukoni. Pima kwa kalipa, usipime kwa macho. Na ukisikia “orijino kabisa, ssebo” (yaani bwana) kabla hujauliza, endelea kutembea. Alinunua bomba lake mwenyewe, akapunguziwa bei kuliko mimi. Sijui alifanyaje.

Kufunga pampu na kuweka majira ndiko kulikokusanya watu wengi kuliko siku yoyote. Njia tunayotumia ni ya kuhesabu matone, ya zamani, haihitaji umeme. Kwenye kichwa cha pampu, upande wa silinda ya kwanza, unatoa valvu ndogo ya kupitishia dizeli na springi yake, unarudisha kishikio chake, juu unafunga kijibomba kilichopinda. Mkono wa mafuta unausukuma hadi mwisho. Dizeli inashuka kutoka kwenye jerikeni iliyotundikwa juu, inapita kwenye pampu na kutiririka nje. Halafu mmoja anazungusha krenki polepole, upande ule ule inaozungukia ikiwa hai, na mwingine anatazama mdomo wa kijibomba bila kupepesa.

Aliyetazama alikuwa dada. Aliyezungusha alikuwa kijana wa Tata. Wazee wote mstari mmoja ubavuni mwa lori, mikono nyuma.

Mwanzo ni mtiririko. Kisha unakonda, unakatika, unakuwa matone ya haraka. Kisha tone, kimya, tone. Pale tone linapoanza kukawia ndipo kipistoni cha ndani kimefunika tundu lake na pampu inaanza kusukuma. Hapo hapo unasimama na kusoma digrii kwenye puli ya mbele.

“Simama!” akasema dada. Kijana alikuwa amepitiliza kidogo, akaanza kurudisha nyuma.

“Ee, acha,” fundi wa pampu akasema, bila kusogea. “Ukipitiliza unarudi mbali kabisa, robo mzunguko, halafu unakuja upya kwa mbele. Kwa nini?”

Kimya. Mwalimu alifungua mdomo, Hajji akamkanyaga mguu.

“Gia zinacheza,” dada akasema baada ya kufikiri. “Ukirudi kidogo, krenki inarudi na pampu bado haijarudi.”

Fundi wa pampu hakusifu. Aliinua tu kile kidole kisicho na ncha kuonyesha waendelee. Walirudia hadi alama ikaangukia mahali pamoja kila mara, kisha wakaigeuza pampu kidogo kwenye matundu yake marefu na kukaza. Alama yetu ya patasi ilikuwa karibu sana na pale walipofikia. Nilifurahi kimyakimya kwa ajili ya patasi.

Daftari la vifaa: spana ya 17 ya paipu za presha haipo tena. Kila mwezi ni hiyo. Aliyeichukua airudishe, hatutamuuliza kitu.

Mei: tapeti na moto wa kwanza

Tapeti, yaani kuweka sawa nafasi za valvu, ziliachwa kwa dada na wanafunzi wenzake wawili aliowaleta. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Ukiujua huo huhitaji kupapasa: valvu za silinda ya sita zikiwa zinapishana, moja inamaliza kufunga na nyingine inaanza kufungua, basi ya kwanza iko juu kwenye mgandamizo na tapeti zake ziko huru kusetiwa. Vivyo hivyo ya tano na ya pili, ya tatu na ya nne. Mashine baridi, milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutoa. Filageji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, itoke kwa kusita, isikwame na isianguke. Hilo la kusita halifundishiki kwa maneno, kila mtu ilibidi avute mwenyewe kwenye valvu iliyokwisha kuwekwa sawa, ndipo mkono wake ujue.

Jumamosi ya kuwasha, uwanja ulijaa. Madereva wawili waliokuwa wakisubiri hati zao Malaba walikuja kwa bodaboda baada ya kusikia.

Kwanza oili: wenzo wa kuzimia umevutwa ili isiwake, stata ikapigwa kwa vipande vifupi hadi geji ya presha ya oili ikainuka. Kisha kutoa hewa: skrubu ya juu ya filta inalegezwa, pampu ya mkono inapigwa, povu linatoka, kisha dizeli safi, unakaza. Kisha nati za paipu kwenye nozeli zinalegezwa nusu mzunguko.

Mmoja wa wanafunzi wapya aliuliza kile kipande cha ubao chenye mpira kilichowekwa juu ya madigadi ni cha nini. Swali zuri kuliko yote ya siku hiyo. Mashine ya petroli ukikata umeme inakufa. Hii haina plagi za moto, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mkono wa mafuta ndani ya pampu ukikwama wazi, au oili ikapata njia ya kuingia kwenye silinda, itapanda mizunguko hadi ijivunje na ufunguo hautasaidia kitu. Kinachobaki ni kuinyima hewa. Kwa hiyo mtu mmoja anasimama kando ya mdomo wa hewa na ubao, na mtu huyo haangalii pengine wala hapigi picha. Kazi hiyo akapewa yeye aliyeuliza.

Dereva mmoja mgeni akapendekeza kitambaa chenye petroli mdomoni mwa hewa, iwake upesi. Hajji akamshukuru na kumwomba akishike kitambaa hicho mbali sana na lori.

Stata. Paipu ya kwanza ikatema povu, kisha dizeli, kaza. Ya pili. Ya nne ikaanza kugonga kabla hatujamaliza, mashine ikakohoa moshi mweupe mzito, ikadaka kwa silinda mbili tatu na kutikisa kebini nzima. Kijana wa Tata akakaza nati zilizobaki moja moja huku mashine inamisi, silinda nyingine haziwaki, na kila nati ikikazwa silinda nyingine inajiunga. Kisha sauti ikakaa. Wale madereva wa Malaba, ambao kila siku wanaendesha malori yenye vioo vya kugusa kwa kidole, walipiga makofi.

Baada ya dakika chache moshi ulikonda ukapotea. Bolti moja ya kurudishia dizeli ilikuwa inavuja: washa ya shaba ya zamani, imekakamaa. Tuliipasha hadi ikawa nyekundu, tukaitia majini. Shaba hulainika kwa namna hiyo, tofauti na chuma. Imerudishwa, haivuji.

Juni: hadi Naluwerere

Jaribio la kwanza la barabara, bila mzigo, kutoka Tororo kuelekea Bugiri, Tata likifuata nyuma. Joto lilikaa palepale njia nzima, themostati ikiwemo. Gia ya tatu inalia. Usukani una nafasi ya kuzungusha kabla magurudumu hayajapata habari.

Kabla ya kufika Naluwerere tulikuta matawi barabarani, kisha lori jipya la masafa limeegeshwa vibaya ukingoni, taa ya injini imewaka, halipandi mizunguko. Dereva ni kijana, safari yake ya kwanza peke yake, na taniboi wake, msaidizi wa dereva, ni mdogo zaidi. Kijana wa Tata aliruka chini kabla sijaegesha. Akauliza moshi, akauliza lilianza lini, kwenye mlima au tambarare, akakagua maji na hosi za hewa ya tabo (pampu ya hewa ya injini), akaangalia kama dizeli inafika. Vyote vizima. Mashine ile inaendeshwa na kompyuta, na bila kifaa cha kuisoma hatukuwa na la kufanya, nasi tulimwambia hivyo waziwazi.

Tulichofanya ni kuongeza pembetatu na matawi umbali wa kutosha, kumsaidia kulisogeza lori litoke kwenye lami, na kumweleza ampigie nani kwenye kampuni na aseme nini: dalili, si “gari limekufa”. Hajji alimpeleka Naluwerere kwa Tata, wakarudi na chapati na chai kwenye chupa. Taniboi alikuwa na maswali mengi kuhusu 1113. Akafunguliwa boneti. Fundi wa kampuni yao alipofika na kompyuta yake, jioni, alimkuta taniboi amepaka oili hadi kwenye masikio, anaonyeshwa pampu ya mkono.

Yaliyobaki: sili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inavuja, gia ya tatu, bushi za usukani, rangi. Rangi ni ya mwisho na tumeshaanza kugombana juu yake. Jumamosi ijayo tunafungua hubu za nyuma, vitovu vya magurudumu, kukagua breki. Atakayefika mapema ataanza na gurudumu la kushoto, nati zake zimeshika kutu, na bomba la kuongezea mpini liko nyuma ya kiti.